Mabirika Kumi, Chupa Moja

Karatu, 4 Machi 2025

Baba mdogo Moloimet,

Nimeinamisha kichwa kama mtoto anayesalimu mkubwa, nishike. Najua mkono wako unafika hata huku.

Mama hajambo. Goti limepoa, sasa anakwenda kanisani bila fimbo, na akifika hakai mpaka watu wote wamemwona. Mvua imegusa tu. Watu wa Kansay wameshapanda mahindi, wanasema Mungu atamalizia. Ningepiga simu, lakini najua utasema simu ni ya kuulizana uko wapi, mambo yanaandikwa.

Sasa jambo lenyewe. Nimepewa kazi kubwa, na sikuiomba. Bwana Clemensi, mkubwa wangu hapa kwenye ghala la dawa za mifugo, alisimama mbele ya watu wote akasema: mwaka huu mpango wa chanjo ya homa ya mapafu kwa vituo vitano vya Malambo ataupanga Nareyu. Nilijifanya sijali. Nilikwenda nyuma ya friji nikacheka peke yangu.

Mwaka jana tulipanga kwa macho. Masanduku niliyafunga mimi kwa mikono yangu, nikitia chupa nyingi huku na chache kule kwa kukisia. Unakumbuka ilivyokuwa. Chupa moja inachanja ng'ombe mia, na ikishachanganywa haifiki jioni. Kwenye vituo vya mwanzo walifungua chupa nzima kwa ng'ombe wachache waliobaki, dawa nyingine yote ikamwagwa. Kituo cha tano, chupa zikaisha watu bado wako foleni. Nilisikia boma la Metui lilirudi bila chanjo, naye baadaye akapoteza ng'ombe. Sikusikia zaidi ya hapo, nawe hukuniandikia.

Safari hii nimetengeneza jedwali kwenye kompyuta ambalo litapanga lenyewe: chupa ngapi, kituo gani, siku gani, barafu kiasi gani. Linachohitaji ni namba tu. Nimeambatanisha fomu yenye jina la mwenye boma, kituo na idadi ya ng'ombe. Wewe ni mwenyekiti wa kisima, hakuna boma usilolijua. Lazima niwasilishe mpango kabla ya tarehe 25 Mei, chanjo ije Juni, kabla mifugo yote haijakutana kisimani Julai na kupigiana kikohozi. Nikikosa namba, Bwana Clemensi atatumia daftari la zamani la ofisini, na yatakuwa yaleyale.

Msalimie mama mdogo Naisula.

Mwanao,
Nareyu


Malambo, 21 Machi 2025

Mwanangu Nareyu,

Nimekushika kichwa. Umekua, lakini bado kinaenea kiganjani.

Naisula anakusalimu. Anashona shanga za bibi harusi na hataki kusemeshwa, kwa hiyo nina amani nyumbani. Mvua haijafika, tunanywesha kisimani bado, na ugomvi ni wa kila siku. Juzi Parsimei alijaziwa birika la ng'ombe mara thelathini, sisi wengine tumesimama juani tunaangalia. Metui akamwuliza, "Parsimei, hawa wako wanakunywa au wanaoga?" Tangu hapo hawasemezani.

Barua yako nimemsomea kila aliyepita hapa, hata ambaye hakutaka. Martini, dereva aliyeileta, ameisikia mara mbili, na mara ya pili aliomba aondoke. Nikamwambia, kaa, bado hatujafika pale mkubwa wa Nareyu aliposimama mbele ya watu.

Fomu nimeijaza yote, na hakuna mahali nilipofuta. Parsimei: wapo. Metui: wapo, ila si kama mwaka juzi. Mepukori: wapo, na wananenepa. Supeet: wapo. Na boma langu: wapo, Mungu ni mwema. Wengine utawaona humo.

Kama kuna mahali nimeruka, niambie.

Baba yako mdogo,
Moloimet


Karatu, 29 Machi 2025

Baba mdogo,

Nimeinamisha kichwa. Sote wazima, mama anasalimu, mvua imeanza na barabara ya kuja ghalani ni tope tupu.

Fomu imefika. Mwandiko wako ulizunguka ofisi nzima, watu wakausifu. Lakini baba mdogo, kompyuta haijui "wapo". Nimeiandikia "wapo", ikanirudishia alama za kulalamika kwenye visanduku vyote, kuanzia juu hadi chini.

Ngoja nikueleze jedwali linavyofanya kazi, maana nalionea fahari na huku hakuna wa kumweleza asiyeniaga katikati. Kwanza unaiambia kompyuta lengo: kisanduku kimoja ambacho unataka kiwe kidogo kuliko vyote. Langu ni dozi zitakazomwagwa. Pili, unaionyesha visanduku inavyoruhusiwa kubadilisha: chupa ngapi ziende kituo gani siku gani. Tatu, unaipa masharti ambayo haitakiwi kuyavunja: gari ni moja, chupa ni ishirini na nne, barafu inadumu siku mbili. Kisha unabonyeza, nayo inajaribu mipango maelfu kabla hujakohoa, inakuletea ulio bora. Wewe ukigawa nyanda za malisho wakati wa kiangazi unafanya hivyohivyo, ila kichwani, na kwa kupiga kelele.

Nimelijaribu kwa namba za daftari la zamani. Linapanga vizuri kabisa. Ila ni mpango mzuri wa ng'ombe ambao labda walishakufa.

Kwa hiyo naomba namba, baba mdogo. Za boma lako walau, nianzie hapo. Au hujui ni wangapi? Kama hujui sema tu, nitamtuma mtu aje ahesabu.

Nareyu


Malambo, 3 Mei 2025

Nareyu,

Tumeamka salama. Mvua ilinyesha, ikaacha.

Barua yako ilifika siku nyingi. Sikuijibu kwa sababu kila nilipoishika kalamu nilikuwa na hasira, na Naisula alinikataza kuandika nikiwa hivyo. Ninaandika sasa. Hasira bado ipo kidogo.

Umeniuliza kama sijui. Jioni ninasimama mlangoni mwa boma, ng'ombe wakiingia. Siwahesabu. Akikosekana mmoja ninajua kabla wa mwisho hajaingia, na ninajua ni yupi, mama yake nani, na mara ya mwisho alikuwa anakula upande gani. Hao wenye namba, akikosekana mmoja wanajua nini? Wanajua pungufu moja. Kisha wanakwenda kulala.

Sisi ng'ombe hatuhesabu, na watoto hatuhesabu. Ukitaja idadi ni kama unawatangaza wachukuliwe. Marehemu baba yako hukumsikia hata siku moja akisema ana watoto wangapi. Na wewe ulijua hivyo. Ulipoanza darasa la kwanza, mwalimu alikuuliza kwenu mko wangapi, ukasimama ukasema, "Tupo." Darasa likacheka. Ulirudi nyumbani unalia, nikakuambia umejibu vizuri kuliko wote. Leo wewe ndiye unauliza, nami ndiye wa kuchekwa ofisini.

Na huyo mtu wa kuja kuhesabu, usimtume. Sitamfukuza. Nitampa maziwa, nitamkalisha kivulini, na hatamwona ng'ombe.

Moloimet


Karatu, 9 Mei 2025

Baba mdogo,

Nimeinamisha kichwa, na safari hii sikiinui mpaka uniambie.

Nisamehe. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Nimesoma shule, nikapata vyeti, nikasahau kitu nilichokijua nikiwa na miaka saba. Na hakuna aliyekucheka ofisini. Ukweli ni huu: Bwana Clemensi alisoma "wapo, na wananenepa" akasema huyu mzee angefaa kuandika ripoti zetu.

Sitaki tena idadi. Nimeifuta safu hiyo kwenye jedwali. Kwa siku nne nilikaa na jedwali lenye tundu katikati, nikaanza kusoma barua zako zote upya, nione kama kuna nilichoruka. Nikamkuta Parsimei na mabirika yake thelathini. Baba mdogo, ulinipa jibu Machi, ukiwa unasimulia ugomvi, na mimi nilipita juu yake nikikimbilia fomu.

Niambie maji. Siku ya zamu ya ng'ombe, kila boma hujaziwa birika mara ngapi? Na birika lenyewe linameza ndoo ngapi? Mengine niachie. Hesabu yangu itatoka kwenye maji iende moja kwa moja kwenye chupa, na katikati hakuna ng'ombe aliyetajwa. Hata nikiulizwa Parsimei ana wangapi, jedwali halitajua. Litajua anakunywa sana.

Nilimweleza Bwana Clemensi. Akauliza, "Birika la chai?" Yeye ni mtu wa Mbulu, ng'ombe wao wanakunywa mtoni. Nikamchorea birika la saruji la kisimani. Akasema, "Haya, ila muda umebaki mdogo, na mpango ukikosewa nitasema ni wako." Nikamwambia mpango ukifaulu pia aseme ni wangu.

Zimebaki siku kumi na sita.

Mwanao, kama bado ni mwanao,
Nareyu


Malambo, 16 Mei 2025

Mwanangu, inua kichwa, shingo itakuuma.

Hayo ndiyo maneno. Maji! Nimecheka mpaka Naisula akaja kuangalia nina nini. Maji tunayahesabu kila siku, tena kwa kugombana, na hakuna mtu anayeweza kunidanganya juu ya birika, maana mimi ndiye ninayeshika ufunguo wa bomba. Birika linameza ndoo kubwa kumi na tano. Nimelipima mwenyewe, Metui akishuhudia.

Orodha iko nyuma ya karatasi hii, boma kwa boma. Parsimei ni thelathini kweli. Metui ni manane. Mbuzi sikuwaweka, wana siku yao.

Lakini kwanza, hilo jedwali lako lina makosa, na nitakuambia kwa kuwa nakupenda. Masharti yako ni ya mtu aliyeko Karatu. Ongeza haya. Siku ya mnada usipange kituo, utachanja miti. Metui na Parsimei wasiwe kituo kimoja siku moja, sababu unaijua. Na ng'ombe wa Mepukori wanatoka mbali, usiwape asubuhi, watafika chupa imeshakufa.

Kosa kubwa ni lengo. Umesema lengo ni dozi zimwagike kidogo. Nani amekuambia hivyo? Ukitaka zisimwagike kabisa, wape chanjo wenye ng'ombe wengi tu, chupa zote zitaisha sawasawa, na wenye wachache waende nyumbani. Lengo si hilo. Asibaki boma nje, hata moja. Hilo likishakaa ndipo uhangaike na kumwaga. Iambie kompyuta, na kama ni mbishi iambie ni mimi niliyesema.

Boma langu liweke mwisho, kituo cha tano. Mwenyekiti hanyweshi kwanza.

Baba yako mdogo,
Moloimet


Karatu, 22 Mei 2025

Baba mdogo,

Nishike kichwa kwa nguvu leo.

Mpango umekamilika, nimeuwasilisha siku tatu kabla ya muda. Mabirika kumi, chupa moja: ndivyo ilivyotoka, nikalinganisha na mabirika na chupa za majirani zenu wa kule juu ambao rekodi zao ninazo, ikakaa. Safu imeandikwa MABIRIKA kwa herufi kubwa na hakuna aliyethubutu kuibadilisha. Masharti yako yote yamo. Lengo nalo nimelibadilisha. Nililifanya sharti la kwanza kabisa, asibaki boma nje, na nilipobonyeza mpango wote uligeuka: vituo vikabadilishana siku, maboma madogo yakaunganishwa mpaka yakatosha chupa nzima, na chupa mbili zikabaki za akiba. Kumbe mpango wangu wa kwanza, ule niliousifia, ulikuwa unaacha maboma sita nje, na mimi sikuona kwa sababu nilikuwa naangalia namba ya chini tu inavyopungua. Bwana Clemensi aliusoma mpaka mwisho. Alichapisha nakala tatu, moja akaibandika ukutani.

Sasa lingine.

Nilipokuwa naingiza orodha yako nilifika mstari wa mwisho. Moloimet: mabirika mawili.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikashika karatasi dirishani. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nakaa juu ya mlango wa boma ng'ombe wako wanapoingia, nikichoka nashuka nakunywa maziwa, narudi, bado wanaingia. Mabirika mawili, baba mdogo?

Kituo cha tano mwaka jana kilikuwa chako. Mwenyekiti hanyweshi kwanza. Sanduku la kituo cha tano nililifunga mimi, kwa kukisia. Ni Metui peke yake aliyerudi bila chanjo? Kwa nini hukuniambia? Nalia hapa ghalani, na Bwana Clemensi anajifanya anapanga mabomba ya sindano.

Nimeongeza sharti moja ambalo hukunipa: boma la Moloimet litangulie, kituo cha kwanza, siku ya kwanza. Bwana Clemensi aliuliza sharti hili ni la nini. Nikamwambia ni la kitaalamu. Na wewe usibishane na jedwali, limeshapitishwa na kugongwa mhuri.

Mwanao,
Nareyu


Malambo, 20 Juni 2025

Mwanangu Nareyu,

Nimekushika kichwa kwa mikono miwili.

Naisula mzima. Bibi harusi alipendeza, na watu waliuliza shanga ni za nani. Nyasi zimeanza kukauka. Martini anasubiri barua hii na nimemwambia asubiri sana.

Chanjo imeisha. Siku nne, vituo vitano, kama karatasi ilivyosema. Siku ya kwanza niligoma kutangulia. Bwana Clemensi akanionyesha mhuri wako. Nikauangalia mhuri, nikawaangalia watu, watu wakaniambia, "Mzee, pitisha, unatuchelewesha." Nikapitisha. Hawakuchukua muda mrefu.

Kituo cha tatu alipita Parsimei. Chupa ya tatu ilimfikia ng'ombe wake wa mwisho kabisa, dozi chache tu zikabaki. Bwana Clemensi alikuwa ameshika karatasi yako, aliipiga kwenye paja kama mtu aliyeshinda bao. Kesho yake Metui alichanja bila kumwona Parsimei, na bado hawasemezani. Kompyuta yako haiwezi yote. Ng'ombe wa Mepukori walifika alasiri, chupa yao ikafunguliwa wakiwa wameshasimama mlangoni. Siku ya nne jioni nilizunguka mwenyewe nikiuliza boma kwa boma nani amebaki. Hakuna. Sanduku likarudi na chupa mbili ndani, hazijafunguliwa, bado baridi. Niliomba nizishike.

Wazee waliuliza nani amepanga mambo haya. Bwana Clemensi alitaka kueleza habari za kompyuta. Nikamwambia akae chini. Nikasimama, nikasema ni Nareyu, binti wa marehemu kaka yangu, yule aliyejibu "Tupo". Amepanga chanjo ya Malambo nzima na hakuhesabu ng'ombe wa mtu hata mmoja. Mepukori akasema, "Basi huyo amesoma kweli." Nilirudia maneno hayo mpaka nyumbani.

Uliniuliza habari za mwaka jana. Hilo sitakujibu, wala usiniulize mara ya pili. Ulifunga sanduku kwa yale uliyoyajua siku ile, na mimi nilisimama mwisho kwa kupenda mwenyewe. Basi. Usilibebe, si lako.

Sasa sikiliza. Asubuhi baada ya chanjo nilimtenga mtamba mmoja, mwekundu, ana baka jeupe shavuni. Mama yake ni mmoja wa waliobaki. Nimemkata alama yako sikioni mbele ya Metui na Naisula. Ni wako, na watakaozaliwa naye ni wako. Naisula aliniuliza, wachache hivi, unatoa? Nikamwambia mwenye wengi akitoa hajui kama ametoa.

Unajua desturi yetu. Watu waliopeana mtamba hawaitani tena kwa jina wala kwa ukoo. Wanaitana Paashe mpaka kufa, na anayeitwa hivyo huitika akijua yeye ni nani kwa mwenzake. Nimewahi kuitana hivyo na wanaume wawili tu, na wote wamekwisha kufa. Muda mrefu sijalitamka neno hili.

Kwa hiyo ukijibu usiandike tena baba mdogo.

Kaa salama, Paashe.

Moloimet